Jina Linalopotea Saa Saba Mchana

Jumatatu, 3 Machi

Mwanangu Gabrieli,

Uliniambia daftari hili ni la kompyuta tu, niandike tarehe, saa na kilichotokea, ili ukija Pasaka usome ujue ugonjwa uko wapi. Nimekusikia. Lakini siwezi kufungua ukurasa wa kwanza kwa mwanangu nikaanza na waya. Pokea salamu kwanza. Mimi mama yako mzima, ni huu mguu wa kushoto tu, mvua ikikaribia unaninong'oneza. Dada yako Naomi mzima, anasema ile chaja uliyoondoka nayo ni ya kwake na unajua. Mwanawe Alfred mzima, ameota jino la tatu na ameshamng'ata kila mtu humu ndani, kwa hiyo zamu yako ipo. Shangazi yako Sesilia mzima, anasema usilale na soksi mbichi huko kambini. Yusrah, binti wa Mwanakheri tuliyekabidhiwa Januari asome hapa, mzima, shikamoo yako hii hapa, leo anafunga siku ya pili. Jirani Mama Mudi mzima, mwezi huu mandazi anakaanga jioni tu. Kuku wazima wote isipokuwa yule mwekundu, tulimla. Na saa ya marehemu baba yako hapa ukutani dukani bado inatembea. Sote tunauliza hali yako huko Mikumi. Kama ni kweli tembo wanafika mpaka jikoni kwenu, usiniambie.

Sasa kompyuta. Ile nyeupe ya Windozi, hapa mbele karibu na printa, ndiyo yangu. Ile nyeusi, nyuma ya pazia, uliyoiwekea ile Linaksi baada ya flashi za watu kuiua kwa virusi mara mbili, ndiyo ya shangazi. Kila moja ina folda yake inaitwa KAZI. Nakumbuka ulivyosema: "Mama, usihangaike. Saa tatu asubuhi na saa saba mchana nyeusi inaita, zinasalimiana zenyewe. Yenye kazi mpya inampa mwenzake, ile ya zamani inafutika." Nimeandika nisisahau.

Leo zimesalimiana. Hakuna tatizo.

Jumatano, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Umeme ulikatika saa tano, ukarudi saa nane. Nyeupe ilipowaka ikasema tuko mwaka 2012, mwezi wa kwanza. Ulishaniambia kibetri chake cha ndani kimekufa, umeme ukikatika inasahau siku. Nikaiandikia tarehe kutoka kwenye kalenda ya kanisa na saa kutoka kwenye saa ya baba yako. Nitafanya hivyo kila ikisahau.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Umeme mara mbili. Saa nimeiandika mara mbili.

Ijumaa, 7 Machi

Leo amekuja Mwalimu Cosmas wa shule ya kata, suruali imelowa mpaka magotini. "Shikamoo mama." Marahaba mwalimu, kaa. Akasema kompyuta ya shule imeingia maji, paa lilivuja usiku. Ameleta kwenye flashi orodha ya watoto wa kidato cha nne watakaofanya mtihani wa Taifa. Majina themanini na sita. Anaomba sisi tuitunze na kuisahihisha, kila asubuhi atatuletea masahihisho, na tarehe 28 aichukue imeprintiwa.

Nikamwuliza, "Na Yusrah wetu?"

Akaangalia. Hayumo. Alihamia Januari kutoka Chanzuru, jina lake halijafuata.

"Mwongezeni, mama. Wa themanini na saba. Ila mnisikie vizuri: asiyekuwemo humu tarehe 28, mtihani hafanyi. Novemba wenzake wako ndani na yeye atakuwa nje ya dirisha."

Gabi, jambo hili sijawahi kukusimulia vizuri. Unajua niliishia darasa la nne. Ulidhani ni ada au ni jembe. Haikuwa hivyo. Baba yangu alihamishwa kutoka shamba moja la mkonge kwenda lingine, na jina langu likabaki kwenye daftari la shule ya kule. Nilikwenda shule mpya nimepakwa mafuta, nimevaa. Mwalimu akapitisha kidole kwenye karatasi, juu mpaka chini, akasema, "Hujaandikwa." Nikarudi nyumbani. Kesho yake nikaenda tena. Hujaandikwa. Siku ya tatu mama akanipa ndoo niende mtoni.

Kwa hiyo nikamwambia Mwalimu Cosmas: jina hili nitaliandika kwa mkono wangu mimi.

Nikampigia simu mama yake, Mwanakheri, huko Chanzuru. Alisema, "Mama Gabi, shamba maji yalichukua mwaka jana, ng'ombe sina, nina huyo tu." Nikamwambia alale kwa amani.

Jumatatu, 10 Machi

Shangazi alifungua duka mapema, akaingiza masahihisho ya mwalimu kwenye nyeusi kabla ya saa mbili. Mimi nilikuja saa nne. Saa nne na robo nimeandika kwenye nyeupe: 87. YUSRAH SAIDI MWEGOHA. Kidole kimoja kimoja, herufi kubwa. Nikasevu. Nikasoma tena. Nikasevu tena.

Saa nane Yusrah alipotoka shule nikamwita aje alione jina lake. Nikafungua. Themanini na sita.

Mtoto akasema, "Labda nimesoma vibaya, mama." Kaomba radhi yeye, kana kwamba ndiye aliyelipoteza.

Jumanne, 11 Machi

Nimeandika tena saa nne. Saa saba halipo.

Shangazi yako akacheka. "Wifi, wewe umeandika hewani. Ulisevu?"

"Nimesevu."

"Ulibonyeza nini?"

"Nilichofundishwa na mwanangu."

"Basi nipe dakika moja nikuandikie huku kwangu, tumalize, nikapike."

Nikamwambia niache, nitaandika mwenyewe. Alinitazama, akafunga pazia.

Jumatano, 12 Machi

Leo hazikusalimiana kabisa. Nyeupe inasema nyeusi haionekani. Nimefuata karatasi yako uliyobandika ukutani, namba moja mpaka namba nne. Taa za ruta: kijani moja haiwaki. Nikafuata waya kwa mkono mpaka chini ya meza ya printa, nikakuta panya ameutafuna, ngozi imetoka unaona nyuzi. Mama Mudi akasema, "Ee, si mlikuwa mnamtafuta mwizi wa jina? Huyo hapo, kaacha na mavi." Nimeweka ule waya wa akiba wa bluu. Nyeupe ikauliza paswedi, kisha ikauliza kama mtandao ni wa umma au ni binafsi. Karatasi yako inasema binafsi. Nikaweka binafsi. Zikaonana!

Nilifurahi nikaimba. Nikaandika jina. Sasa ugonjwa tumeujua.

Alhamisi, 13 Machi

Halikuwa waya. Halipo.

Halafu nimefanya ujinga wangu mwingine. Nilitengeneza folda mpya nikaiita Kazi, nikidhani hii mpya haina panya. Kwenye nyeupe ikanikatalia, inasema ipo tayari. Kwenye nyeusi ikakubali, sasa kuna KAZI na Kazi, mbili, zimesimama pamoja kama mapacha. Shangazi akasema, "Hii Linaksi ni kama karani wa mahakamani. Ukikosea herufi moja wewe ni mtu mwingine." Akaifuta ile yangu. Nilimwona akifuta kwa haraka, bila kuifungua aone ndani kuna nini.

Hilo nimelikumbuka mpaka jioni.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Limeandikwa saa nne, limepotea saa saba.

Jumapili, 16 Machi

Asante kwa kupiga simu. Dakika tatu tu, na moja umeitumia kuuliza kama nakula. Nilikueleza jina linapotea, ukasema, "Mama, una uhakika ulisevu?" Kisha ikakatika. Na wewe pia, Gabi.

Jumatatu, 17 Machi

Mto umejaa. Yusrah alivuka maji ya kiunoni kwenda shule na madaftari kichwani, amefunga, hajaweka hata tone mdomoni. Nilisimama pale mpaka nikaona amepanda ng'ambo.

Jina: saa nne lipo. Saa saba halipo. Umeme ulikatika mara tatu, saa nimeiandika mara tatu.

Jumanne, 18 Machi

Sipendi kuandika haya, lakini ulisema niandike kila kitu.

Leo sikuondoka. Nilikaa. Nimeona hivi: kila asubuhi kabla sijafika, Sesilia yuko nyuma ya pazia na orodha ile ile. Akishamaliza, jina langu linakufa. Mchana nilipita kule nyuma kuchukua karatasi, nikatupa jicho kwenye kioo chake: themanini na sita. Nikamwuliza, "Wifi, Yusrah kwako hayumo?" Akasema, "Kwangu hajawahi kuwemo." Hivyo tu, bila kugeuka.

Nakukumbusha Januari. Yusrah alipokuja nilimpa chumba cha dirishani, cha shangazi, ili apate mwanga wa kusomea. Shangazi akahamia kwa Naomi na mtoto. Hakunikatalia. Lakini nilimsikia akimwambia Mama Mudi uani: "Mtoto wa watu kapewa chumba, mimi wa kwetu nalala na mwenye meno matatu." Walicheka wote. Wakati ule na mimi nilicheka.

Sasa sicheki.

Jumatano, 19 Machi

Lipo, halipo. Nimelala vibaya. Naomi anasema naongea usingizini, nataja namba.

Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu, leo nimefanya kitu.

Nilifika dukani mapema, saa moja na nusu, nikamkuta amekwishaanza. Nikafungua pazia lote. Nikamwambia, "Sesilia, mtoto huyu amekukosea nini?"

Akasema, "Mtoto gani?"

"Unamjua. Unalifuta jina lake. Kila siku unalifuta."

Alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka uwe mzaha. "Wifi, mimi? Nifute jina la mtoto ili nipate nini? Godoro?"

"Chumba," nikasema.

Kicheko kikaisha hapo.

"Tumwagile." Hajawahi kuniita jina tangu niolewe. "Nilikuambia wiki iliyopita niandike mimi huku kwangu, ukasema niache. Nikakuacha. Nikajua unataka liwe la mkono wako, nikakuheshimu."

Nikasema maneno ambayo siwezi kuyaandika yote. La mwisho ndilo baya: nikasema, "Hii ni nyumba ya marehemu mume wangu."

Akasimama, akafuta meza kwa kanga yake kama anavyofanya kila siku akimaliza. Akasema, "Na ni ya marehemu kaka yangu. Lakini sawa, mama Gabrieli. Sawa."

Saa nne alipita barabarani na begi lake la bluu, mvua inanyesha, hana mwavuli. Mwavuli ulikuwa hapa nyuma ya mlango. Nilikuwa nauona. Sikuuchukua.

Naomi hajaniongelesha tangu mchana.

Ijumaa, 21 Machi

Hakuna umeme siku nzima. Yusrah ameuliza bibi Sesilia yuko wapi. Nikasema Masanze, kwa ndugu. Akasema, "Alikuwa ananiamsha daku." Sikujua. Mimi nilidhani mtoto anaamka mwenyewe.

Jumamosi, 22 Machi

Hakuna umeme.

Jumapili, 23 Machi

Ulipiga, Naomi akapokea, akakwambia tuko wazima. Nilikuwa hapo hapo pembeni. Sikuomba simu.

Jumatatu, 24 Machi

Umeme umerudi alfajiri. Nitaandika kwa utaratibu, uone.

Saa mbili kasoro. Nyeupe imewaka na 2012 yake. Nikaitengeneza tarehe, nikaitazama saa ya baba yako, nikaandika.

Saa mbili na dakika arobaini. Mwalimu Cosmas alileta masahihisho ya majina matatu kwenye flashi. Flashi haiingii nyeupe, hiyo ni sheria yako, kwa hiyo nikakaa mimi kwenye kiti cha shangazi. Kiti kina joto lake bado, au ni mawazo yangu. Nikasahihisha matatu, nikasevu. Jina la Yusrah sikuliandika pale. Ile mashine sikuiamini, niliiona ni ya Sesilia.

Saa tatu zilisalimiana. Nyeupe ikapata yale matatu. Vizuri.

Saa nne na dakika ishirini. Nikaandika kwenye nyeupe: 87. YUSRAH SAIDI MWEGOHA. Nikasevu.

Saa nne na nusu. Nikaandika pale pale barua ya Mama Mudi ya kuomba meza sokoni. Nikasevu.

Halafu nikachukua kigoda nikakaa mbele ya pazia kama askari. Hakuingia mtu. Mteja mmoja wa fotokopi, nimemhudumia kwa mkono mmoja huku natazama pazia. Saa sita. Saa sita na nusu. Mvua ikapiga bati mpaka nikawa sisikii kitu, lakini macho yalikuwa hapo.

Saa saba. Nikafungua.

Themanini na sita.

Nilikuwa peke yangu, Gabi. Sesilia yuko huko maili nyingi, na jina limepotea vile vile.

Nikakaa chini sakafuni. Sikulia, nilikaa tu. Nilijiuliza nimemfukuza dada wa mume wangu kwenye mvua kwa ajili ya nini.

Baadaye nikainuka nikaenda nyuma ya pazia. Nikasema ngoja nimwulize huyu shahidi. Nikafungua KAZI kwenye nyeusi. Ulishanionyesha kwamba kila kitu humo kina tarehe na saa yake pembeni, mimi sijawahi kuzisoma, niliona ni mapambo. Nikachukua daftari hili nikaliweka kando, nikasoma mstari kwa mstari.

Orodha ya shule: 08:40. Daftari langu linasema saa mbili na dakika arobaini. Hiyo ni sawa, wao nane ni sisi mbili, hata mimi najua, redioni nasikia.

Barua ya Mama Mudi: 04:30. Daftari langu linasema saa nne na nusu.

Nikasoma tena. Nne kwa nne. Mbona ile wameigeuza na hii hawakuigeuza? Saa nne na nusu yetu kwao ni kumi na nusu. Hii imeandikwa nne na nusu yao, yaani saa kumi na nusu alfajiri. Saa hiyo Yusrah anakula daku. Mimi nilikuwa nimelala.

Nikatoka nje ya pazia nikaitazama nyeupe, chini pembeni: 07:25. Nikainua macho ukutani kwa saa ya baba yako. Saa saba na dakika ishirini na tano.

Unakumbuka baba yako, Mungu amrehemu. Miaka yote stesheni alifanya kazi kwa saa za treni, na siku aliyonunua ile saa akageuza mishale mwenyewe, akasema, "Kazini nahesabu saa za treni. Kwangu nataka saa za watu." Ikionyesha mbili, ni saa mbili. Tumeizoea hatuoni tena kwamba nyumba zingine mshale wao uko kwenye nane.

Ni mimi. Tangu mvua ya kwanza, kila umeme ukikatika, naichukua saa ya watu naipa mashine inayohesabu saa za treni. Nyeusi iko na treni, nyeupe iko na baba yako. Kazi ya Sesilia ya asubuhi, mashine inasema nane. Jina langu la saa nne, mashine inasema alfajiri, kabla ya kazi ya Sesilia. Zikikutana saa saba zinaulizana nani mpya, na mimi kila siku naonekana wa zamani. Zinafuta. Zinafanya ulichoziambia.

Hakuna aliyelifuta. Nimelifuta mimi na saa ya mume wangu.

Jumanne, 25 Machi

Nimeongeza sita. Nyeupe sasa inasema 10:20 wakati ukuta unasema nne na dakika ishirini. Saa ya baba yako sijaigusa, nimebandika karatasi chini yake: ONGEZA SITA.

Nimeandika jina. Saa saba nimefungua nyeupe: themanini na saba. Nimeenda nyuma ya pazia nimefungua nyeusi: themanini na saba. Nikagusa kioo kwa kidole pale alipoandikwa.

Nilifurahi kama dakika moja. Kisha nikageuka nimwambie mtu, kiti hakina mtu.

Jumatano, 26 Machi

Lipo. Nimeprinti nakala tatu, umeme usije ukanichezea. Nimempigia Sesilia mara nne. Inaita, haipokelewi.

Alhamisi, 27 Machi

Nimepeleka orodha shuleni mwenyewe, ndani ya mfuko wa nailoni, ndani ya kanga. Mwalimu Cosmas aliipokea, akapitisha kidole juu mpaka chini. Kile kidole, Gabi! Nikarudi darasa la nne. Kikafika chini kabisa.

"Yusrah Saidi Mwegoha. Yupo, mama."

Nikakaa bila kukaribishwa.

Akasema, "Hata asingekuwepo ningemwandika. Ninayo hii." Akafungua droo akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa, imelowa na kukauka. Mwandiko wa Sesilia, ule wa kulala kushoto. Nimeunakili hapa kama ulivyo:

"Mwalimu, mashine zetu hazisikilizani na sijui sababu. Wifi yangu analiandika jina hili kila siku kwa mkono wake na kila siku linapotea, nimeliona hilo kwa macho. Orodha ikifika bila jina hili, tafadhali usimwambie mtoto kuwa hajaandikwa. Liandike kwa kalamu. YUSRAH SAIDI MWEGOHA. Usimwambie wifi nimekuja, ataona namwingilia."

"Alileta lini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Alhamisi iliyopita. Alikuwa na begi. Nilimwambia angoje mvua ipungue, akasema gari halingoji."

Siku ile ile. Nimemfukuza saa moja na nusu, na saa nne yuko shuleni kwa ajili ya mtoto wangu wa kupewa. Na lile neno, "hajaandikwa". Nilimsimulia habari ile mara moja tu, mwaka niliozaliwa Naomi wetu, tukichambua mchele. Naomi nilimzaa mimi, unaona hata kuandika nakosea leo. Alilikumbuka.

Ijumaa, 28 Machi

Orodha imekwenda. Mwalimu alipita dukani kuniambia kwa mdomo wake.

Nimepanda bodaboda mpaka Masanze, tope mpaka kwenye kiti. Ndugu zake wananipa maji ya kunywa na macho ya pembeni. Sesilia hayupo. Aliondoka Jumanne kwenda Mikumi, kwa yule rafiki yake wa kwaya anayeuza chakula karibu na stendi. Hakuacha ujumbe kwangu.

Jumapili, 30 Machi

Ulipiga, nikasema nitakuandikia. Mambo haya hayaingii kwenye dakika tatu.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Mwanakheri alikuja kutoka Chanzuru na mchele na jogoo, akamshika Yusrah kichwa akalia, kisha akaniuliza, "Sesilia yuko wapi nimpe mkono?" Naomi akanitazama nijibu mwenyewe. Nikamweleza yote mbele ya sufuria. Mwanakheri akasema, "Basi sehemu yake iwekwe." Tumeiweka. Yusrah amehamisha vitu vyake kutoka chumba cha dirishani bila kuambiwa. Anasema mwanga wa uani unamtosha.

Gabi, daftari hili silingoji Pasaka. Kesho asubuhi nampa Donati, kondakta wa basi la Mikumi, nimemwapisha kwa jina la Mungu na kwa jina la mama yake. Wewe habari ya kompyuta umeipata, nunua kile kibetri. Lakini ukishasoma usilifiche. Omba ruhusa hata ya nusu siku, shuka stendi, uliza mama wa kwaya anayeuza wali. Mpe shangazi yako daftari hili alisome lote, hata tarehe 18, hata tarehe 20. Nilitaka kuzichana hizo kurasa, nikaona nikizichana nitakuwa nimefuta mimi tena.

Mwambie mwavuli uko pale pale nyuma ya mlango. Mwambie kiti chake sijakikalia tangu ile tarehe 24, nafanya masahihisho nimesimama. Mwambie nilisema ni nyumba ya mume wangu na nilisema uongo.

Hapa chini nimeacha ukurasa mtupu, ni wake. Aandike anachotaka, hata matusi, nitayasoma. Na kama hataki kuandika neno, basi aandike saa tu, atafika saa ngapi. Ya treni au ya watu, yoyote, nitaielewa. Donati anarudi Alhamisi. Nitakuwa stendi tangu asubuhi. Mwanangu, nakuomba, nipe jibu upesi.

Mama yako,
Tumwagile